Gango la usiku la kisigino: nimelala nalo miezi minne

Nimesimama nyuma ya kiti cha kunyolea kwa miaka 19. Mteja hukaa, mimi huzunguka. Natumia mkono wa kulia, na kila nikiinama kuchonga nywele juu ya sikio, uzito wangu wote huangukia mguu wa kulia. Sakafu yetu ni ya vigae. Kisigino cha kulia kilipoanza kuuma nilidhani ni uchovu wa kazi tu, nikabadilisha viatu nikavaa vilivyo laini zaidi, nikaendelea. Nilipoteza miezi mitano kwa namna hiyo.

Aliyepatwa na maumivu haya anaijua ile hatua ya kwanza ya asubuhi. Unateremsha miguu kitandani, unakanyaga, na hapohapo ni kama msumari umeingia chini ya kisigino, kwa upande wa ndani, pale upinde wa unyayo unapoanzia. Nilikuwa naenda bafuni kwa ncha za vidole, mkono mmoja ukutani. Baada ya dakika kumi hivi maumivu hulegea, unajiambia leo afadhali. Kisha unakaa nusu saa, unainuka, msumari ni uleule.

Daktari hakuhitaji muda mrefu. Alibonyeza sehemu moja kwa kidole gumba chake, nikavumilia. Akakivuta kidole gumba cha mguu wangu kuelekea juu, akabonyeza palepale tena, nikaruka. Akaandika plantafasaitisi, yaani maradhi ya utando wa unyayo. Chini ya unyayo kuna utando mnene, mgumu kama mkanda, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye vidole. Ndio unaoshikilia upinde wa unyayo usilale. Vidole vikikunjwa juu, mkanda huo hukazika kama kamba inayozungushwa kwenye roda, na upinde huinuka. Utaratibu huo ulielezwa na daktari wa Uingereza, Hicks, mwaka 1954, na ndio uliomfanya daktari wangu akivute kidole. Eksirei ilionyesha pia kijimfupa kilichochomoza kisiginoni. Nilikiogopa sana kile kijimfupa, mpaka nikaelezwa kwamba watu wengi wanacho na hawasikii maumivu yoyote, na kwamba hakuna haja ya kukikata.

Sasa gango lenyewe. Ukilala, mguu hujiachia na vidole huelekea chini. Shavu la mguu hufupika, ule mkanda wa unyayo nao hufupika, na hukaa hivyo saa saba au nane. Asubuhi unausimamia kwa uzito wako wote mara moja. Gango la usiku hushika mguu katika pembe ya digrii 90, kama vile umesimama, ili mkanda usipate nafasi ya kufupika. Wazo ni hilo tu, na nililielewa mara moja. Kulala nalo ndiko kulikonishinda mwanzoni.

La kwanza nililojaribu ni lile la umbo la buti: plastiki nzito nyuma ya mguu kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, sponji ndani, mikanda mbele. Nililivaa usiku 11. Linashika mguu vizuri, hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini kisigino chenyewe, ambacho tayari kinauma, ndicho kinacholalia plastiki usiku kucha. Joto likakusanyika humo, soksi ikalowa jasho. Kwenye saa nane usiku nilikuwa naamka vidole vimekufa ganzi, nafungua mikanda nusu usingizini, na asubuhi buti liko sakafuni. Ukitaka kwenda msalani usiku ni lazima ulivue, kwa sababu chini yake linateleza na linaweza kukuangusha. Mke wangu alilalamikia kupigwa miundi, na alikuwa na haki. Mtu anayelala chali bila kugeuka labda ataliweza. Mimi hulala ubavu.

La pili ndilo ninaloliandikia haya. Hili hukaa mbele: kipande chembamba cha plastiki kinacholala juu ya muundi na kushuka juu ya mgongo wa wayo, chenye mikanda mitatu ya kunata, mmoja chini ya goti, mmoja juu ya kifundo, mmoja chini ya upinde wa unyayo. Kisigino kiko wazi. Unyayo uko wazi. Nikilishika mkononi halizidi uzito wa mashine yangu ya kunyolea. Usiku wa kwanza wa kulala nalo nilifika nalo saa kumi alfajiri.

Namna nilivyolizoea ilisaidia sana, na ningemshauri kila mtu asianze kwa usiku mzima. Siku tatu za kwanza nililivaa jioni nikiwa nimekaa, kama saa mbili hivi. Siku tatu zilizofuata nililala nalo hadi nilipoamka mara ya kwanza, nikalivua. Baada ya hapo usiku kucha. Mkanda wa chini ya upinde usiukaze kama unafunga mzigo. Vidole viwili vya mkono vipite chini yake bila kulazimisha. Vaa soksi nyembamba ndefu ndani. Mimi nilipuuza soksi kwa usiku mmoja, nikaamka na alama nyekundu kwenye muundi iliyokaa siku mbili.

Asubuhi ya tisa nilikanyaga nikasubiri msumari. Ulikuja, lakini butu. Niliketi tena kitandani nikakanyaga mara ya pili ili nihakikishe. Wiki ya nne niliweza kwenda bafuni kwa unyayo mzima, polepole. Kuanzia hapo hatua ya kwanza haikunitisha tena, na sitasahau unafuu ule, maana kwa miezi mingi nilikuwa naogopa asubuhi kabla sijalala.

Kasoro zake ni hizi. Vidole viko huru, kwa hiyo blanketi zito likikaa juu yake huusukuma wayo chini na kulishinda gango. Nilianza kulaza mguu nje ya blanketi. Mikanda inanasa nyuzi za shuka, na ikishajaa nyuzi hainati. Mwezi wa tatu mkanda wa kati ulikuwa unafunguka wenyewe kila nikigeuka, nikampa fundi cherehani akashona mpya. Sponji hutolewa na kufuliwa, jambo zuri, ila hukauka taratibu, kwa hiyo fua asubuhi. Angalia pia ukubwa: la kwangu linavaliwa mguu wowote, lakini urefu wa kipande cha mbele lazima ulingane na muundi wako, la sivyo ncha ya juu itakuchoma ukikunja goti.

Kuna aina ya tatu, soksi ndefu yenye utepe unaovuta vidole kutoka mbele hadi chini ya goti. Nyepesi, haina plastiki, ukiwa safarini inaingia mfukoni. Mimi iliniumiza vifundo vya vidole ndani ya usiku nne, nikaiacha.

Lakini jambo ambalo sitaki msomaji alikose ni hili: gango lilinipa asubuhi, halikunipa mchana. Wiki ya tano niliamka vizuri, nikanyoa siku nzima, jioni nikachechemea kurudi nyumbani. Nilimwendea mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, nikidhani nimenunua kitu kibovu. Aliniambia gango huulinda mkanda usiku usijikunje, ila haliupi nguvu ya kunibeba. Nguvu hiyo huja kwa kuufanyisha kazi, kidogokidogo, kwa miezi. Alinieleza pia kwamba uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, uliopitia sampuli za watu 50 waliofanyiwa upasuaji, ulikuta utando umechakaa, si kwamba umevimba. Hapo nikaelewa kwa nini vidonge vya kupunguza uvimbe vilinituliza siku chache tu.

Alinipa mazoezi mawili. La kwanza hufanywa kitandani kabla ya kukanyaga: unakaa, unaupandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, unashika vidole na kuvivuta kuelekea muundi mpaka uone mkanda umesimama chini ya unyayo, unahesabu 10, unaachia, mara 10. Kwa siku mara 3. Mkono wa pili uguse ule mkanda; ukihisi umekazika kama uzi wa gitaa, unafanya sawasawa.

La pili ndilo lililonibadilisha. Unasimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo limekunjwa na kuwekwa chini ya vidole ili viinuke, kisigino kinaning'inia nje. Unapanda kwa kuhesabu tatu, unakaa juu kwa kuhesabu mbili, unashuka kwa kuhesabu tatu. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Unaanza na seti tatu za mara 12, na nguvu zikiongezeka unabeba mkoba wenye vitabu mgongoni na kupunguza idadi: baada ya wiki mbili, mara 10 kwa seti nne, baada ya nyingine mbili, mara 8 kwa seti tano. Utaratibu huu ulijaribiwa Denmark kwa wagonjwa 48, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliojinyoosha tu, ingawa baada ya mwaka mzima makundi yote mawili yalikaribiana. Mimi sikuweza kuanza kwa mguu mmoja. Wiki mbili nilipanda kwa miguu yote miwili nikishika ukuta, na wiki ya tatu ndipo nikathubutu. Inauma kidogo unapofanya. Nilikubaliana na mtaalamu wangu kwamba kama kesho yake asubuhi maumivu hayajazidi ya jana, naendelea.

Kuhusu soli za kuweka ndani ya viatu nitasema machache. Nilikuwa karibu kuchongewa za kwangu mwenyewe kwa vipimo. Mtaalamu akanizuia kwanza, akanitajia jaribio la Australia la mwaka 2006 lenye watu 136: soli zilizokwisha tengenezwa na zile za kuchongwa zilifanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana katika miezi mitatu ya kwanza, na baada ya mwaka hazikuwa na tofauti na soli laini za bandia zilizowekwa kwa ajili ya kulinganisha tu. Nikachukua zilizo tayari. Chagua zenye ugumu chini ya upinde. Ukiweza kuikunja soli kama kitambaa, haitakushikilia. Zile za jeli laini zinapendeza siku mbili, halafu zinabonyea. Nilizoea za kwangu kwa wiki moja, na kazini sizivui. Nyumbani niliacha kutembea pekupeku kwenye vigae, hata kutoka kitandani hadi mlangoni.

Kinyozi mwenzangu alichomwa sindano ya steroidi kisiginoni kwa tatizo kama langu, akapata nafuu ya wiki kadhaa, kisha maumivu yakarudi. Nami nilipewa nafasi hiyo nikaomba kusubiri, kwa sababu sindano hiyo inaweza kudhoofisha utando hadi ukachanika, na kuyapunguza mafuta ya kisigino yanayotukinga na mishtuko. Simlaumu aliyeikubali. Maumivu haya hukufanya utake chochote.

Wapo wasiopaswa kununua gango hili kabla ya kuonwa. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia hatajua mkanda ukimkata. Kisigino kinachouma hata ukiwa umelala tuli, kinachouma ukikibana kutoka pande mbili, kilichovimba, chenye ganzi au kuwaka moto, au kilichoanza baada ya kuruka au kuanguka, kinaweza kuwa na shida nyingine kabisa, hata mfupa wenye ufa. Visigino vyote viwili vikiuma pamoja na mgongo uliokakamaa kila asubuhi, mwambie daktari mambo hayo yote mawili kwa pamoja.

Nyota: buti la nyuma limepata mbili, soksi ya utepe mbili na nusu, gango la mbele nne. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya mikanda, kwani kifaa cha kuvaliwa miezi mingi hakipaswi kulegea mwezi wa tatu.

Mwishoni mwa mwezi wa nne nililiacha kwa kupunguza: usiku mmoja nalo, usiku mmoja bila, kisha mara mbili kwa wiki. Mara moja nililiacha ghafla kwa siku tano, na siku ya tano msumari ukachungulia, nikarudi kulivaa wiki mbili. Sasa liko juu ya kabati. Jumamosi iliyopita nilinyoa vichwa 17, nikalishusha usiku ule, nikaweka mguu wangu nje ya blanketi. Jumapili asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikavuta vidole mara 10, nikasimama.