North Carolina na Bill Belichick: je, walipata kocha waliyemhitaji?

Tarehe 11 Desemba 2024, Chuo Kikuu cha North Carolina kilimkabidhi Bill Belichick timu yake ya futiboli ya Kimarekani. Alikuwa na miaka 72. Alikuwa ametwaa Super Bowl (fainali ya NFL, ligi ya kulipwa) mara 6 akiwa kocha mkuu wa New England Patriots, na 2 kabla ya hapo akiwa kocha wa ulinzi wa New York Giants, lakini hakuwa amewahi kufundisha timu ya chuo hata siku moja. Mkataba ulikuwa wa miaka 5, dola milioni 10 kila mwaka. Msimu wake wa kwanza, 2025, uliisha kwa ushindi 4 na vipigo 8.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mjadala huu hauko tofauti. Upande mmoja unahesabu pete za ubingwa, mwingine unahesabu vipigo. Zote mbili ni hesabu za juu juu. Belichick kuujua mpira si jambo la kubishania. La kuuliza ni kama kazi aliyopewa ndiyo kazi anayoijua, na kama aliajiriwa wakati ambao kocha yeyote angeweza kuifanya vizuri. Kwa maswali hayo mawili, jibu langu ni hapana, na sababu ya kwanza iko kwenye kalenda.

Mack Brown, kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya timu hiyo, aliambiwa tarehe 26 Novemba 2024 kwamba hataendelea. Vijana wa sekondari walianza kusaini na vyuo tarehe 4 Desemba. Dirisha la uhamisho la wachezaji walioko vyuoni lilifunguliwa tarehe 9 Desemba na kufungwa tarehe 28. Belichick alisaini siku mbili baada ya dirisha kufunguliwa. Maana yake ni kwamba zile wiki mbili ambazo makocha wengine walikuwa wakipiga simu, wakipanga ziara na kukubaliana malipo, North Carolina haikuwa na mtu wa kumwahidi kijana chochote. Kocha mpya anapoingia katikati ya dirisha, kazi tatu humwangukia kwa pamoja: kutafuta wasaidizi, kuwazuia wachezaji waliopo wasiondoke, na kusaka wapya. Asiye na majina mkononi tangu kazi yake ya awali huchukua wale waliobaki.

Ndivyo ilivyokuwa. Kikosi kilipokea takribani wachezaji wapya 70 kwa msimu mmoja, na kundi lote hilo lilipaswa kujifunza lugha moja ya uwanjani kabla ya Septemba. Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) aliyeanza mechi ya kwanza, Gio Lopez kutoka South Alabama, alipatikana kwenye dirisha la Aprili 2025, baada ya mazoezi ya majira ya kuchipua. Kwotabeki huhitaji mazoezi hayo kuliko mchezaji mwingine yeyote. Lazima ajue mpokeaji wake hukata kona kwenye hatua ya ngapi, na sentaa wake, anayeanzisha mpira, humwita nani wakati walinzi wanapojipanga kuvamia. Hilo huja kwa marudio mengi, na yeye alipewa wiki chache za Agosti.

Pima hilo na timu ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa pabaya zaidi. Ilikuwa imemaliza 2023 kwa ushindi 3 na vipigo 9, na katika historia yake yote ilikuwa miongoni mwa timu zilizopoteza mechi nyingi kuliko zote za daraja la juu. Ikamwachisha Tom Allen tarehe 26 Novemba, na kabla mwezi haujaisha ikamchukua Curt Cignetti kutoka Chuo Kikuu cha James Madison. Nje ya duru za wafuatiliaji, jina lake halikuwa kubwa. Ila alikuja na mzigo kamili: kocha wa mashambulizi Mike Shanahan, kocha wa ulinzi Bryant Haines, na wachezaji 13 wa James Madison waliokwishajua kila neno la mfumo wake. Akina Aiden Fisher, D'Angelo Ponds, Mikail Kamara na Elijah Sarratt hawakuhitaji kufundishwa. Wao ndio waliowafundisha wenzao. Msimu wa 2024 ukaisha kwa ushindi 11 na vipigo 2, na mwaka uliofuata, kwotabeki akiwa Fernando Mendoza aliyehamia kutoka Cal (Chuo Kikuu cha California), Indiana ikatwaa ubingwa wa taifa bila kupoteza hata mechi moja.

Cignetti alikuwa amekwishafanya kazi ile ile mara tatu, kwenye ngazi tatu tofauti: IUP (chuo cha jimbo la Pennsylvania) kuanzia 2011, Elon kuanzia 2017, James Madison kuanzia 2019. Kabla ya hapo, chini ya Nick Saban kule Alabama, aliratibu usajili wa wachezaji. Bodi ya chuo inayosoma wasifu wa mgombea inapaswa kukaa zaidi kwenye mistari kama hiyo. Mtu ametoka na nani, nani yuko tayari kumfuata, na ni mara ngapi ameichukua timu ya chuo na kuiinua? Kwa Belichick, mistari hiyo ilikuwa mitupu, si kwa kosa lake.

Sababu ya pili ni mchezo wenyewe. Wengi hudhani futiboli ya chuo ni ile ya NFL yenye wachezaji wadogo zaidi. Sivyo. Uwanja una upana wa futi 160 kote kuwili, lakini mistari mifupi ya katikati inayoamua mpira uwekwe wapi kabla ya kila mchezo (yaani kila jaribio moja la kushambulia) imeachana futi 40 vyuoni, na futi 18 na inchi 6 tu kwenye NFL. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande wa kulia wa uwanja wa chuo unabaki na futi 100 za kulindwa. Kwenye NFL ni kama futi 89. Futi hizo 11 zinamtoa mlinzi wa nyuma mahali alipozoea kusimama na kumlazimisha kukimbia pembe nyingine kabisa.

Kuna na sheria ya wanaume wa mstari wa mbele. Kwenye pasi, vyuoni wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele ya mahali mpira ulipoanzia, na NFL ni yadi 1. Ndiyo maana kwotabeki wa chuo anaweza kuuweka mpira tumboni mwa mkimbiaji, kumwangalia mlinzi mmoja wa kati, kisha akauchomoa na kuurusha nyuma ya mgongo wa mlinzi huyo huyo. Mlinzi ameona mstari mzima ukimjia, ameamini ni mbio, amepiga hatua mbili mbele. Hatua hizo mbili ndizo mpira unakopita.

Zaidi ya yote kuna saa. Mchezaji wa chuo, msimu ukiwa unaendelea, haruhusiwi kuzidisha saa 20 za mazoezi na vikao kwa wiki, wala saa 4 kwa siku, na lazima apewe siku moja ya mapumziko. Ndani ya saa hizo 20 mna vyuma, video, vikao na uwanja. Kitabu cha michezo cha NFL hakiingii humo. Kocha anayetoka ligi ya kulipwa hana budi kukipunguza sana na kukubali kwamba michezo michache inayofanywa bila kufikiri ni bora kuliko mingi inayokumbukwa nusu nusu. Meneja mkuu aliyekuja na Belichick, Michael Lombardi, anayelipwa dola milioni 1.5 kwa mwaka, alitangaza kuwa timu hiyo itaendeshwa kama timu ya 33 ya NFL, ligi yenye timu 32. Kwa ofisi, hesabu za mishahara na upimaji wa wachezaji, wazo hilo lina maana. Uwanjani, ndilo lililogharimu.

Angalia mechi ya kwanza. Ilikuwa Jumatatu usiku, 1 Septemba 2025, uwanja wa nyumbani wa Kenan, dhidi ya TCU, chuo cha Texas. Michael Jordan na Lawrence Taylor, waliochezea chuo hicho, walikuwepo. North Carolina ikaupokea mpira na kutembea yadi 83 kwa michezo 7 hadi tachidauni, bao la pointi 6. Michezo hiyo ya mwanzo huandikwa na kurudiwa wiki nzima, na ilionekana safi. Baada ya hapo TCU ikafunga pointi 41 mfululizo. Pasi ya Lopez ilinaswa na Bud Clark na kurudishwa hadi tachidauni. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Kevorian Barnes akakimbia yadi 75 hadi tachidauni. Kisha Lopez akapokonywa mpira na huo nao ukarudishwa hadi mwisho. Matokeo yalikuwa 48 kwa 14, yadi 542 kwa 222. Timu iliyojua michezo 7 kwa moyo haikuwa na cha kushika mpinzani alipobadilika.

Dhidi ya Clemson mwezi mmoja baadaye ilikuwa hivyo tena: mchezo wa kwanza kabisa wa Clemson ulikuwa wa hila, mpokeaji akarusha pasi ya yadi 75, na robo ya kwanza ikaisha 28 kwa 3.

Hata hivyo, haki itendeke. Baada ya hapo timu ilipata nafuu ya kweli. Kule Cal ilipoteza 21 kwa 18 kwa sababu Nathan Leacock aliponyokwa na mpira akiwa anakaribia kuvuka mstari wa goli dakika za mwisho, na mpira ukawa wa Cal. Dhidi ya Virginia ilipoteza 17 kwa 16 katika muda wa ziada, Belichick akiamua, baada ya tachidauni, kutafuta pointi 2 za ziada badala ya kusawazisha kwa moja, na mkimbiaji akazuiwa inchi chache kabla ya mstari. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Timu yenye mashambulizi dhaifu ikipata nafasi ya kumaliza mechi kwa mchezo mmoja kutoka yadi 3, iichukue. Ukafuata ushindi dhidi ya Syracuse na Stanford. Ulinzi ndio uliobeba nafuu hiyo, na anayeuongoza, Steve Belichick, mwanawe, alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2024. Kwa maneno mengine, upande uliokuwa na kiongozi mwenye msimu mmoja wa chuo karibuni ndio uliopanda. Mashambulizi, chini ya Freddie Kitchens aliyebakizwa kutoka benchi la Brown, hayakupanda, na mechi tatu za mwisho dhidi ya Wake Forest, Duke na NC State, majirani wote, zilipotea.

Wanaomtetea hutaja mwanzo wa Nick Saban kule Alabama: 2007 alimaliza na ushindi 7 na vipigo 6, kimojawapo cha nyumbani kutoka kwa Louisiana-Monroe. Hutaja pia Pete Carroll, aliyetoka NFL na kumaliza 6 kwa 6 kule USC mwaka 2001. Mifano ni ya kweli, ila zama si zile. Wakati ule mchezaji aliyehama alikaa nje mwaka mzima, kwa hiyo kocha alijenga kwa kusubiri vijana wa sekondari wakue. Tangu 2024 mchezaji mwenye maendeleo mazuri ya masomo anahama na kucheza papo hapo, mara nyingi atakavyo. Kisingizio cha kurithi kikosi kibovu kimefupishwa. Upande wa pili wa sheria hiyo unampa Belichick nafasi: kikosi kinachoharibika kwa mwaka mmoja kinaweza kutengenezwa kwa mwaka mmoja.

Sasa mkataba, kwa sababu ajira hupimwa pia kwa karatasi. Miaka 3 ya kwanza tu ndiyo iliyodhaminiwa, na hapo chuo kilijilinda vizuri. Texas A&M ilimwachisha Jimbo Fisher mwaka 2023 ikiwa inadaiwa kiasi cha dola milioni 76, na North Carolina haiwezi kufika huko. Palipokosewa ni upande mwingine: Belichick akitaka kuondoka, fidia anayodaiwa ilishuka kutoka dola milioni 10 hadi milioni 1 tu baada ya 1 Juni 2025. Wachezaji wanaosajiliwa huusoma mstari huo. Mama wa kijana wa miaka 17 atauliza kocha atakuwepo mwaka wa pili au la, na mkataba haumjibu.

Baada ya msimu Kitchens aliondolewa, na Bobby Petrino, aliyemfundisha Lamar Jackson pale Louisville alipotwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2016, akaletwa kuongoza mashambulizi. Huo ndio uamuzi bora wa Belichick hadi sasa, kwa kuwa Petrino ameishi vyuoni miaka mingi na anajua kipi kinaingia ndani ya saa 20. Angepaswa kuwa mtu wa namna hiyo tangu Desemba ya kwanza.

Msimu wa 2026 unafunguliwa Dublin, Ayalandi, tarehe 29 Agosti, na mpinzani ni TCU ile ile. Usiangalie michezo 7 ya mwanzo. Angalia mara ya tatu na ya nne North Carolina itakapopata mpira, baada ya TCU kubadilisha ulinzi, na uone kama kwotabeki anageuza mchezo mstarini bila kutazama benchi.