Bunduki ya upepo: ya springi au ya mtungi?

Kwa mlenga shabaha wa Mombasa aliyekwisha kupata kibali, ningependekeza bunduki ya upepo ya springi kabla ya ile ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, ingawa hii ya pili, kwa kuwa haina pistoni nzito inayosukumwa kwa kishindo, hutulia mkononi na humrahisishia kazi anayeanza.

Ya springi hujitosheleza: ukunje mtutu mara moja, utie risasi, uurudishe, basi. Ya mtungi hudai hewa yenye shinikizo la baa (kipimo cha shinikizo) 200 hadi 300, itokayo kwenye pampu ya mkono, inayomtoa mtu jasho kabla hajafyatua hata risasi moja, ama kwenye mtungi wa wapiga mbizi. Unyevu wa pwani nao huongeza kazi, kwani hewa ikishindiliwa mvuke wake hugeuka maji, na yasipokaushwa hula chuma kwa ndani. Kwa nje zote hushika kutu; alama za vidole nilizosahau kufuta Ijumaa zilikuwa za hudhurungi Jumapili.

Kasoro ya ile ya springi ni mtikisiko wake, wa nyuma kisha mbele, ambao hulegeza darubini hafifu na hukataza bunduki kubanwa: mbao ya mbele hulazwa tu kiganjani, jambo lililonichukua majuma kulizoea.