PS3 bonge inasoma CD za PS2? Hesabu matundu ya USB kwanza

Nimenunua PS3 bonge, yani PlayStation 3 ile nene ya mwanzo, mara mbili kwa sababu moja tu, nina CD za PS2 kibao na PS2 yenyewe lenzi imechoka. Ya kwanza ilikuwa ya hadidiski ya 40GB, jamaa wa duka akaniapia "kaka hii inapiga mpaka za PS2", nikabeba. Nafika home naweka CD, inaniambia modeli hii haisomi gemu za PS2. Kurudi dukani eti CD yangu ina mikwaruzo, mxiuuu.

Sasa jueni, ubonge sio kigezo. Zile za mwanzo kabisa za 2006, 20GB na 60GB za Japani na Marekani, Sony waliweka ndani chipu zote mbili za PS2, prosesa na ile ya picha, yani PS2 nzima imelala tumboni mwa PS3. Ya Ulaya ya Machi 2007 prosesa ikatolewa ikabaki chipu ya picha, mengine programu inaigiza. 40GB ya mwisho wa 2007 hamna kitu, na Slim na Super Slim, zile nyembamba za baadaye, ndo usiulize kabisa. GB nazo zinadanganya maana 80GB zipo zinazosoma na zipo zisizosoma, we angalia mbele uhesabu matundu ya USB, manne twende kazi, mawili achana nayo. CD za PS1 kila PS3 inapiga.

Ya pili ni 60GB used kutoka Uingereza. Picha kwa HDMI safi, padi haina waya, memori kadi unaitengeneza humohumo kwenye hadidiski. Orijino zangu tisa, saba zimepiga freshi, moja sauti inakatakata na moja inaganda kwenye menyu. Feni ikichachamaa utadhani uko kwa wasaga unga, usiifungie kabatini hata kidogo maana inachemka, taa ya njano ikiwaka ndo imekwenda hiyo.

Kilichonimaliza ni kopi. CD zetu nyingi ni za kuchoma, zilizoea PS2 iliyofungwa chipu ya fundi ya kusoma kopi, PS3 inazitema zote, gemu yangu ya GTA San Andreas hata haikuitambua 😂

60GB naipa nyota nne kwa mwenye orijino, mwenye kopi nyota moja ya huruma. PS2 yangu iko kwa fundi, anabadilisha lenzi.