Dakika Nane za Kisumu: Miezi Tisa na Saa ya Adhana ya Ukutani

Saa ninayoizungumzia hapa niliinunua mwezi wa Desemba 2024 katika duka moja la vifaa vya umeme mjini Kisumu, kwa shilingi 3,400 baada ya kupatana kutoka 4,000. Ni saa ya ukutani yenye tarakimu nyekundu, upana wake unakaribia wa sinia ya kuchambulia mchele, ina spika ndogo mgongoni pamoja na rimoti, na huadhini mara tano kwa siku bila kutegemea simu wala intaneti. Nimekaa nayo miezi tisa, Ramadhani nzima ikiwemo, na hukumu yangu naitoa mapema: saa hii inafaa, lakini usiiamini siku unapoitoa kwenye boksi.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani mtaa wa Migosi, na mume wangu ni dereva wa lori anayepitia Malaba kwenda Kampala. Mwaka 2024, katika miezi ya Juni na Julai, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipofunga barabara mara kwa mara, kulikuwa na siku ambazo sikujua lori limesimama wapi wala kama litafika, na simu ikawa haitoki mkononi mwangu. Swala sikuziacha, lakini nilizisukuma pembeni: Adhuhuri niliiswali Alasiri ikikaribia kuingia, na Alasiri niliiswali jua likiwa limeanza kugeuka rangi. Simu hiyohiyo ilikuwa na programu ya nyakati za swala, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, kwa maana kila nilipoifungua kuangalia wakati nilikuta ujumbe tisa, picha za matairi yanayoungua na sauti za watu wanaobishana, na hadi ninatandika msala moyo wangu ulikuwa umeshafika Malaba na kurudi. Nilitaka kitu kitakachoniita kwenye swala na kisiniambie jambo jingine lolote.

Katika hilo saa imetimiza ahadi yake kabisa. Adhana ikianza, mguu wangu unaondoka kwenye pedali ya cherehani hata kama pindo liko katikati. Sindano naiacha imezama kwenye kitambaa ili kazi isiteleze, simu naifunika kifudifudi juu ya kabati, na ninatoka kwenye ngazi ya nyuma na birika la udhu. Maji ya mchana wa Kisumu huwa vuguvugu hata kama hayajapashwa. Kati ya kunawa mikono na kuosha miguu hupita dakika mbili au tatu ambazo hakuna mtu anayenidai kitu, na nimegundua kwamba utulivu wangu huanzia pale kwenye ngazi, kabla ya takbiri ya kufungulia swala. Wasiwasi kuhusu barabara hauishi. Baada ya rakaa nne narudi kwenye cherehani na bado sijui lori liko wapi. Hata hivyo siku iliyokuwa kamba moja ndefu ya kungoja habari sasa imepigwa mafundo matano, na kutoka fundo moja hadi jingine ni umbali ambao mtu anaweza kuuvumilia.

Sasa nije kwenye kasoro, ambayo ni kubwa, na ambayo aliyeniuzia hakuitaja hata nilipomuuliza waziwazi kama saa imepangwa kwa ajili ya Kisumu. Alinijibu kwamba imepangwa kwa Kenya.

Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, mwanzoni mwa Machi 2025. Saa ilionyesha 18:48, yaani saa 12:48 jioni, ikaadhini Magharibi, nasi tukanyosha mikono kwenye tende. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye alikuwa ametumwa nje kuanua nguo, akarudi mlangoni na kusema, "Mama, mbona mnafungua na jua bado liko?" Nikatoka naye. Kweli jua lilikuwa limekaa juu ya mapaa upande wa magharibi, jekundu, zima, halijaguswa na kitu. Lilizama saa 12:56. Kwa muda wa dakika nane nilisimama uani na kokwa ya tende mdomoni, nikiona haya mbele ya mtoto.

Sababu yake ni ya kijiografia, na ni vyema ielezwe kwa kuwa itamgusa yeyote wa upande wetu, tangu Nakuru hadi Busia, anayenunua saa ya aina hii. Katika orodha ya miji ya saa yangu, Kenya ina miji miwili tu, Nairobi na Mombasa, na yangu ilikuwa imewekwa Nairobi. Nairobi iko kwenye longitudo ya takriban digrii 36.8 mashariki, Kisumu iko digrii 34.75, na dunia huzunguka digrii moja kila baada ya dakika nne. Tofauti ya digrii mbili na ushei ndiyo hizo dakika nane: kila jambo la jua linalotokea Nairobi, hapa kwetu hutokea dakika nane baadaye. Kama angeniwekea Mombasa, kosa lingekaribia dakika ishirini. Kwa nini sikugundua tangu Desemba? Kwa sababu ya tabia yangu mwenyewe, kwani adhana ya Magharibi ilikuwa ikinikuta jikoni, na nikisimama kuswali ni robo saa imepita. Mfungo ndio ulionifichua. Shekhe niliyemuuliza aliniambia nizilipe siku zile tatu baada ya Ramadhani, nami nimezilipa.

Kurekebisha kunawezekana, ila kunataka subira. Ndani ya menyu, chini kabisa baada ya orodha ya miji, kuna nafasi ya kuandika longitudo na latitudo kwa mkono. Niliandika 34.75 mashariki na 0.10 kusini, kisha saa za eneo nikaziacha tatu mbele ya saa ya Greenwich. Angalia pia kwamba kipengele cha saa za kiangazi kimezimwa, kwa kuwa sisi hatusogezi saa mbele wala nyuma, na ukikiacha wazi saa itakuruka dakika sitini.

Baada ya aibu ile sikutaka kuamini mashine bila shahidi. Tarehe 20 Machi nilisimamisha ufito wa mita moja kwenye karai la mchanga uani, nikaupima wima kwa uzi wenye jiwe, mimi na mwanangu tukakaa kuutazama. Siku hizo za Machi jua hupita karibu kabisa juu ya utosi wetu hapa Kisumu, kwa hiyo kivuli cha mchana hakifupiki tu bali kinakaribia kutoweka. Saa 6:40, wakati ambao mpangilio wa Nairobi ungeadhini Adhuhuri, kivuli bado kilikuwa upande wa magharibi, urefu wa vidole viwili hivi. Tulingoja. Ilipofika saa 6:48 kilikuwa kimejikunja chini ya ufito, mtoto akaweka kokoto pale, na dakika chache baadaye kikachungulia upande wa mashariki. Saa ikaadhini. Kama kuna siku niliyoswali Adhuhuri na moyo mweupe ni hiyo, maana nilikuwa nimeuona wakati ukiingia kwa macho yangu.

Kuna mipangilio mingine miwili ya kuangalia. Alasiri huhesabiwa kwa urefu wa kivuli: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tunayafuata, wakati huingia kivuli kinapolingana na kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo mchana, kwa Hanafi hungojwa kifike mara mbili. Saa nyingi huuzwa kwa watu wa Bara Hindi, ambako Hanafi ni wengi, na yangu ilikuja hivyo, ikiniadhinia Alasiri zaidi ya saa nzima baada ya wakati wangu. Alfajiri nayo hutegemea ni digrii ngapi jua liko chini ya upeo. Wapo wanaohesabu 18, wapo 15, na hapa karibu na ikweta kila digrii ni kama dakika nne. Nilichagua 18, na imekubaliana na ratiba ya msikiti ulio jirani kwa tofauti ya dakika moja au mbili.

Dira ya kibla iliyokuja ndani ya boksi itupe. Yangu ilielekea geti la chuma kila nilipoisogeza karibu na dirisha. Kutoka Kisumu, kibla ni kaskazini kikiegemea mashariki kwa takriban digrii 13, na njia ya kuhakikisha haina gharama: tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tena tarehe 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu ya Makka, na kwa bahati saa zetu na za Saudi Arabia ni moja. Wakati huo huo uligeukie jua, na utakuwa umeigeukia Kaaba. Niliifanya Mei, nikakuta msala wangu ulikuwa umepinda kidogo kuelekea magharibi kwa miaka yote tuliyokaa katika nyumba hii.

Mambo madogo nayapitia haraka. Stima ikipotea, betri ndogo ya mviringo iliyo nyuma hutunza kumbukumbu, lakini adhana hainyanyuki mpaka stima irudi, jambo ambalo kwa mtaa wetu si dogo. Betri iliyokuja nayo ilidumu miezi mitano. Tarehe ya Kiislamu hukosea siku moja karibu kila mwezi, kwa kuwa mashine inapiga hesabu ilhali sisi tunangoja mwezi uandame na Kadhi Mkuu atangaze. Kuna kitufe cha kuisogeza. Sauti ya Alfajiri inaweza kupunguzwa peke yake bila kugusa nyingine, na nimeipunguza, kwa sababu jirani yangu ni muuguzi wa zamu za usiku na si Mwislamu, na usingizi wake nao una haki.

Jambo moja saa haikufanya na haikuahidi kulifanya, ingawa lisingetokea bila ya ule mpangilio wa siku. Mwezi wa Julai nilipewa nafasi ya kushona sare mia mbili za shule, kitambaa ninunue mimi, malipo yaje baada ya muhula kuanza. Ningelazimika kukopa. Usiku tatu mfululizo, baada ya Isha, niliswali rakaa mbili za istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye heri, na kusoma ile dua iliyopokewa kutoka kwa sahaba wa Mtume, Jabir bin Abdullah, ambayo ndani yake mja anamwomba Mungu amrahisishie jambo kama lina heri katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, na amwepushe nalo kama lina shari. Kuna watu wanaongoja ndoto. Mimi sikuota chochote, na shekhe alikwisha kuniambia kwamba ndoto si sharti. Unaswali, kisha unaliendea jambo, njia ikifunguka unapita. Niliomba theluthi ya malipo mbele, mteja akakataa, nami nikasema basi. Kama nilikosa faida sijui. Ninachojua ni kwamba usiku ule nililala, na mwaka uliotangulia, kwa jambo dogo kuliko hilo, nilikuwa nakesha.

Kwa anayeuliza kama nitainunua tena: nimeshanunua ya pili, Agosti, kwenye duka jingine, kwa ajili ya nyanya yangu huko Mumias. Safari hii niliifungua palepale kaunta, nikaandika longitudo 34.49 mbele ya muuzaji, ambaye hakuwa amewahi kuuona ukurasa ule wa menyu na akaomba nimwonyeshe tena polepole. Nyanya aliipokea kwa dua nyingi na kuitundika sebuleni. Nilipokwenda kumtazama wiki iliyopita ilikuwa ikiadhini Alasiri, naye alikuwa bado uani, ameinama kwenye kivuli cha mlingoti wa kamba za nguo, anakipima kwa nyayo kama alivyofanya siku zote. Akahesabu, akainuka, akaniambia saa yangu iko sawa.