Uangalizi wa mambo ya kale kwenye shimo la zamani la moramu, Misungwi: nyota nne

Shimo la moramu, ule udongo mwekundu wa kokoto wa kujengea barabara, likishaachwa, wengi hudhani hakuna tena cha kulinda. Katikati ya shimo ni kweli. Kingoni si kweli, na timu ya waakiolojia iliyosimamia uchimbaji wa msingi wa ghala hapa ililijua hilo tangu mwanzo.

Walianza na mashimo madogo ya majaribio, kutafuta kifusi kinapoishia na udongo usioguswa unapoanzia. Kigae cha chungu kilichomo kwenye kifusi hakikuambii kilikotoka, hivyo nguvu wakazielekeza kingoni. Kijiko, yaani mtambo wa kuchimba, kilifungwa bakuli pana lisilo na meno, kwa kuwa meno huchana tabaka na kufuta alama za tanuri au shimo la taka. Kilikwangua sentimita 10 hadi 15 kila mara, kikirudi nyuma ili cheni zisikanyage palipofunuliwa. Mwangalizi alisimama opareta anapomwona, mbali na mzunguko wa mtambo. Udongo ukibadilika rangi, mkono juu, kazi inasimama.

Kilichotufurahisha zaidi ni jicho lao kwa mavi ya chuma, yaani masalia ya kuyeyusha chuma. Watu wa enzi za vyungu vya Urewe, mtindo wa kale wa ufinyanzi, waliyeyusha chuma kandokando ya Ziwa Victoria. Kule Katuruka, Kagera, matanuri yao yamefukuliwa. Ila kwenye moramu ni rahisi mno kudanganyika. Vunja kipande: moramu ndani ni nyekundu au njano na hupaka vidole, mavi ya chuma ni meusi, yana matundu ya mapovu, pengine na michirizi kama uji uliomwagika ukaganda. Sumaku haiamui, maana moramu nyingine nayo hunasa. Mkaa wa kupima umri waliufunga kwenye foili bila kuushika kwa mikono, kila kifurushi na namba ya tabaka lake.

Nyota ya tano imepotelea kwenye vipimo. Ramani ya kiwanja ilikuwa ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, GPS yao ikasoma WGS84, mfumo mwingine. Kwa Tanzania hapo alama husogea karibu mita 300. Walirekebisha walipoulizwa. Asiyeuliza angezungushia uzio mahali patupu.

Waiteni kabla ya mvua za vuli, kwani maji yakituama rangi za udongo hazisomeki. Na kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kitu cha aina hiyo kikionekana mtambo utasimama tu. Mkataba utaje ni nani anayelipia saa hizo.