Kompyuta imejaa: diski ipi ununue, kutoka meza ya fundi wa Mwanga, Kigoma

Wiki haipiti bila mtu kuniwekea laptopu mezani na kuniambia, "Fundi, niongezee memori, imejaa." Kabla hajatoa hela huwa naomba dakika kumi. Naingia Settings, kisha System, kisha Storage, na mara nyingi mwizi anaonekana palepale: muvi zilizolala Downloads tangu mwaka juzi, Recycle Bin isiyomwagwa, na folda ya Windows.old iliyobaki baada ya kupiga Windows mpya. Wengi wanarudi nyumbani bila kununua kitu.

Waliobaki nawapangia hivi, kuanzia ninachokiamini zaidi. Sipangi kwa wingi wa giga. Ukinunua diski kwa giga tu ni kama kununua dagaa walioanikwa mchangani: mizani inasoma vizuri, mchanga utakutana nao mdomoni.

1. SSD (diski ya chipu) yenye kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5, giga 480 au 500, ndani ya mashine

Laptopu nyingi za mtumba mjini hapa ni Dell Latitude, HP EliteBook na ThinkPad zilizomaliza kazi maofisini huko nje, na bado zina diski ya kuzunguka (HDD, diski ya kizamani). Hiyo inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA inafika 550 hivi, na haina sindano ya kusomea wala sahani ya kuzunguka, kwa hiyo ukiisukuma meza hakuna kinachokwaruzika.

Watu huniuliza, "Si nasikia SSD inaisha?" Inaisha, ila piga hesabu. Kiwandani huandika kiasi cha data ambacho diski imeahidiwa kuandikwa, kinaitwa TBW. Kingston A400 ya giga 480 imepewa tera 160. Samsung 870 EVO ya giga 500 imepewa tera 300. Tuseme una steshenari na unaandika giga 20 kila siku bila kupumzika hata sikukuu. Hiyo ni tera 7.3 kwa mwaka. Hata hiyo Kingston itakuchukua zaidi ya miaka 20 kuimaliza kwa kuandika. Kinachoziua mapema ni joto na umeme wa kukatika ghafla, na laptopu yenye betri iliyokufa haina tofauti na desktopu isiyo na UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika. Badilisha betri kwanza.

Giga 120 usinunue. Windows na programu zake zitakalia sehemu kubwa, na SSD iliyojaa huwa nzito kwa sababu inakosa pa kuhamishia data zake. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi.

Mashine yako ikiwa mpya kidogo, huenda inatumia M.2, ile nyembamba kama kipande cha bazoka. Hapo usiende dukani kwa kukisia: zipo za SATA na zipo za NVMe, aina yenye kasi zaidi; zinafanana kwa umbo ila mara nyingi hazibadilishani. Beba mashine yenyewe. NVMe inaweza kufika megabaiti 3,500 kwa sekunde, lakini kwa kuchapa barua na kutoa kopi hutaiona tofauti.

Ile diski ya zamani usiitupe. Ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski. Kama mstari wa 05 na wa C5, inayohesabu sehemu mbovu za diski, yote ina sifuri kwenye thamani ghafi (raw), itie kwenye kasha la USB na umeshapata pa kuwekea nakala.

2. Diski ya nje ya kuzunguka, tera 1 au 2

Kwa mwenye studio ya picha, hii ndiyo ghala. Kila giga inakutoka kwa bei ndogo kuliko SSD. Inakaa mezani, imelala, na haiguswi inapozunguka. Ukiona tera 1 inasoma giga 931 usimkimbilie muuzaji na maneno. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

3. SSD ya nje

Huyu ni wa msafiri. Kama unapanda boti Kibirizi kwenda kupiga picha za harusi Kagunga, diski ya kuzunguka itaumia kwenye mawimbi na bodaboda. Ila bei ya SSD hii inauma. Tena isifungiwe kabatini miaka mingi bila kuchomekwa, maana SSD isiyopata umeme hupoteza chaji taratibu, na joto linaharakisha.

4. Flashi

Ya kubebea, si ya kutunzia. Faili likizidi giga 4 likagoma kuingia, iformati kwa mfumo wa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

5. "Tera 2" ya bei ya chee, na diski za mtumba

Nilinunua moja safarini Dar, nikajiona mjanja. Ilipokea picha zote, lakini baadaye mafaili yakawa na majina tu, ndani hakuna kitu. Nikaipasua: kadi ndogo ya simu imebandikwa kwa gundi, na pembeni nati ya chuma ya kuipa uzito. Siku hizi kila diski ninayoitilia shaka naijaza yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, siku ya kwanza, kabla risiti haijapotea. Inachukua masaa; iache ifanye kazi yake.

Ya mtumba, angalia saa ilizowaka. Saa 35,000 ni miaka minne mfululizo, na bei iendane na hilo. Kisha isogeze sikioni: ikipiga tik, tik, tik, mrudishie mwenyewe. Mlio huo ukitoka kwenye diski yenye kazi zako, zima mashine palepale na usijaribu kuiwasha tena na tena. Kila ukiiwasha sindano inazidi kuharibu sahani zenye picha zako.