SASA!: zana za Kampala za kuzungumzia nani mwenye kauli nyumbani

Jina ni la Kiswahili, ingawa zana zenyewe zilizaliwa Kampala, kwenye mji wa Kiganda. Shirika la Raising Voices lilizitoa mwaka 2008, na CEDOVIP, kituo cha kuzuia ukatili wa nyumbani, ikazifanyia kazi katika mitaa ya Rubaga na Makindye.

Mafunzo mengi ya ndoa huanzia ulimini: usipaze sauti, usimkatize mwenzako. SASA! inachimba chini zaidi, inauliza nani anajiona ana haki ya kuamua. Mume anaweza kusema kwa upole kabisa, "Nimekuruhusu uende kwenu." Sauti haina kosa. Lakini neno kuruhusu limeshatangaza kwamba safari ya mke ni mali ya mume, na hakuna somo la upole litakaloliondoa hilo. Hapo ndipo zana hizi zinapoyashinda mafunzo mengine.

Hatua ziko nne. Ya kwanza ni nguvu iliyo ndani ya mtu mwenyewe, ya pili ni nguvu ya mtu juu ya mwingine, kisha kushirikiana, kisha kutenda. Wanaoruka ya kwanza huwapoteza wanaume, maana huhisi wameitwa kushtakiwa, na kikao cha pili viti vyao hubaki wazi.

Kikao huongozwa na mkazi wa mtaa huohuo, kwenye stegi ya boda au nje ya saluni. Onyesha picha bila maelezo. Uliza, "Mnaona nini?" Kisha, "Hapa nani anaamua?" Kisha, "Na kwetu je?" Kimya kikiingia, kiache kikae, mwezeshaji anayekijaza kwa mahubiri ameua kikao. Watu wakizidi 15, gawa kundi, la sivyo wanawake watasikiliza tu. Na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, apewe habari mapema.

Lugha inahitaji uangalifu wa pekee. Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, kikiwa cha amri: lete, kaa chini, njoo hapa. Mwezeshaji akiongea hivyo, amelivunja somo kabla halijaanza. Atumie "naomba", "tukae", "mnaonaje". Neno nguvu nalo humpeleka msikilizaji kwenye misuli, kama amaanyi ya Kiganda. Ni afadhali kuligawa: uwezo kwa ile ya ndani, mamlaka kwa ile ya mtu juu ya mwenzake.

Ushahidi upo. Utafiti wa 2007 hadi 2012 ulilinganisha jamii 8 za Kampala, 4 zenye SASA! na 4 zisizo nayo. Katika zile zenye SASA!, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka mmoja kilikuwa chini kwa 52%. Jamii 8 ni chache, hivyo tofauti halisi inaweza kuwa kubwa au ndogo zaidi ya hapo, ila hata mtazamo kwamba kumpiga mke ni sawa ulipungua.

Udhaifu mkubwa ni muda. Kazi hii hudai miaka, na mfadhili wa miezi 6 atakata mti kabla haujazaa. Karatasi za rangi nazo ni ghali. Mwenye fedha kidogo achapishe picha za hatua ya kwanza tu, azipake plastiki zisiharibiwe na mvua, na pesa za fulana azielekeze kwenye nauli za wawezeshaji.